Mwanamke wa Karibu na Daraja

Shuka likitoka mashineni halikumbuki kitu. Aliyelilalia, aliyelilia, aliyelimwagia chai, wote wamekwenda na maji, na linapofika mezani kwangu ni jeupe na lina ubaridi kama uso wa mtu aliyeamka sasa hivi na bado hajajua yuko wapi. Kazi yangu ni pasi. Tunanyoosha mashuka ya nyumba ya wageni, chini kabisa ya jengo, katika chumba kirefu chenye madirisha yanayotoka jasho. Mvuke ukishapanda humwoni mwenzako wa meza ya pili, unamsikia tu akikohoa au akiimba peke yake. Ndani ya mvuke ule mtu anaweza kuwaza lolote. Mimi nilikuwa nawaza Kifaransa.

Nilijiandikisha masomo ya jioni kwa sababu ya mapokezi. Wageni wetu wengi wanazungumza Kifaransa, na msichana wa mapokezi anakaribia kuolewa na kuhama. Siku moja bosi alipita na kapu la taulo akanitupia neno: "Ungekuwa unajua kuwakaribisha watu wale, ningekutoa kwenye moto huu." Huenda alisema tu akipita njia. Mimi neno lile nililidaka kwa mikono miwili.

Mwalimu wetu tulimwita Madamu. Alikuwa mkalimani kabla ya kustaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini inayokulazimisha umsogelee. Tulisomea katika chumba ambacho mchana ni cha watoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo tulikaa magoti yamegusa videvu, watu wazima wenye kazi zao, tumejikunja kwenye madawati kama miavuli.

"Mtu mzima akianza kueleza habari zake kwa lugha asiyoijua, anaona haya kama aliyevuliwa nguo sokoni," Madamu alituambia siku ya kwanza. "Hapa hakuna atakayeeleza habari zake. Nitawaazima maisha. Muhula ukiisha mtanirudishia, kila mmoja arudi kwenye yake."

Akapitisha kadi zilizofunikwa, kila mtu akavuta. Kinyozi akavuta mkulima wa zabibu. Mlinzi wa lango la pale kazini kwetu, kapera mwenye mabega kama kabati, ambaye kuku akichinjwa yeye hutafuta pa kukaa, akavuta daktari wa upasuaji mwenye watoto watano. Mimi nikavuta mwanamke anayepiga piano.

"Je suis pianiste," nikasoma. Mimi ni mpiga piano. "J'habite près du pont." Nakaa karibu na daraja. "Je n'ai pas d'enfants. J'ai deux chiens." Sina watoto. Nina mbwa wawili.

"Très bien," akasema Madamu. Vizuri sana.

Mwanamke yule alinikaa. Sikumkaribisha, aliingia tu, kama harufu ya sabuni inavyoingia kwenye nywele. Nikiwa nimeinamia meza ya pasi nilikuwa naiona nyumba yake: dirisha moja kubwa, maji yakipita chini ya daraja bila haraka, na mwanga wa maji ukitetemeka juu ya dari. Mbwa wamelala miguuni, mmoja anaota. Mwanamke anapiga noti moja, anaisikiliza mpaka iishe, ndipo anapiga nyingine. Chai yake anainywa ikiwa ya moto. Hakuna anayemvuta gauni. Hakuna anayemwita kutoka chooni amletee maji. Anaweza kukaa mchana mzima bila kusikia sauti ikisema "mama", na sauti hiyo isipomfikia, yeye hajui kwamba kuna kitu hakijamfikia.

Tangu nilipojifungua, hakuna anayeniita kwa jina langu. Ni Mama Chiriku sokoni, Mama Chiriku kazini, Mama Chiriku hata kwa dada yangu mkubwa ambaye alinibeba mgongoni. Silalamiki, jina hilo nalipenda. Lakini jioni, mara mbili kwa wiki, kulikuwa na mahali ambapo mtu alikuwa ananiita "madame", na madame yule alikuwa hana wa kumfuata.

Chiriku ni mwanangu. Ana miaka mitano, na jina lake halisi hutumika akiwa na makosa. Tulimpa la Chiriku kwa sababu huanza kuongea kabla hajafumbua macho. Baba yake anaendesha malori ya safari ndefu, huja na kuondoka. Nyumbani tuko watatu: mimi, dada na yeye. Jioni za masomo yeye hubaki na dada, ambaye humwita mama mkubwa. Jioni nyingine nafanya mazoezi hukohuko jikoni, sufuria moja inachemka, mkono mmoja uko kwenye karai la nguo. Je suis pianiste. J'habite près du pont. Chiriku alikuwa anazidaka zile sauti na kuzigeuza wimbo. "Je n'ai pas d'enfants," alimwimbia mdoli wake akimfunika na kitambaa, kwa matamshi mazuri kuliko yangu. Alikuwa hajui maana yake, na mimi kumweleza hata sikuwaza. Kwangu ulikuwa wimbo vilevile.

Jioni moja dada alikwenda kumwona mgonjwa, nikamchukua Chiriku tukaenda naye darasani. Alifurahi kama anapelekwa harusini. Alivaa soksi ndefu, akambeba mdoli, akasalimia dawati kwa dawati. Nikamweka kati yangu na mlinzi, nikampa penseli na karatasi.

"Huyu ndiye Chiriku mwenyewe?" mlinzi akauliza.

"Ndiye. Usimfungulie mlango, hutaufunga."

"Wewe ni askari?" Chiriku akamuuliza.

"Huko nje ni mlinzi. Humu ndani ni daktari, tena mkubwa. Nina watoto watano."

"Wako wapi?"

"Kwenye kadi," mlinzi akasema, na Chiriku akalikubali jibu hilo bila tabu.

Somo lilikuwa la kumtambulisha mwenzako. Unasimama, unamwonyesha jirani yako kwa kiganja kilichofunguliwa, si kwa kidole, na unasema yeye ni nani. Kinyozi alikaa upande wangu wa pili, kwa hiyo ndiye aliyenitambulisha mimi. Akajikohoza, akarekebisha kola.

"Je vous présente ma voisine. Elle est pianiste. Elle habite près du pont. Elle n'a pas d'enfants. Elle a deux chiens."

Chiriku aliutambua wimbo wake. Akamvuta mlinzi mkono. "Anasema nini yule?"

Na mlinzi, kwa roho safi, kwa furaha ya mtu ambaye siku hiyo ameelewa sentensi zote, akamnong'oneza, neno kwa neno: "Anamtambulisha mama yako. Anasema huyu ni jirani yangu, anapiga piano, anakaa karibu na daraja, hana watoto, ana mbwa wawili."

"Na mama anasemaje?"

Desturi ni kwamba aliyetambulishwa huitikia. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa natabasamu. "Oui," nikasema, "c'est moi." Ndiyo, ni mimi. Darasa likacheka kwa jinsi nilivyoinamisha kichwa kama msanii jukwaani.

Chiriku hakucheka. Alirudi kwenye karatasi yake, akaendelea kuchora kwa nguvu mpaka ncha ya penseli ikakatika, na hakuomba nyingine.

Njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Nilidhani ni usingizi. Nilimbeba, akawa mzito mgongoni, kichwa akakilaza begani, na mimi nilikuwa natembea juu ya daraja langu, najisikia mwepesi, naisikia ile noti moja ikilia mpaka iishe.

Asubuhi nilimkuta chini ya meza. Amejikunja juu ya kitenge, mikono mbele, kidevu juu ya mikono.

"Chiriku, toka huko, uji unapoa."

Akabweka. Kidogo tu, kwa adabu.

Dada yangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Chiriku, umeanza kufuga lini?"

Nami nikacheka. Nikamwekea uji, akaunywa kwa kuinamia kikombe chini ya meza. Nilipomsuka nywele alitulia kuliko siku zote. Nilipotaka kutoka kwenda kazini, badala ya "mama, utaniletea nini", alinisindikiza mlangoni kwa mikono na magoti, akaniangalia kutoka chini.

Jioni ilikuwa hivyohivyo. Na kesho yake.

"Mbwa wako ana kiu," aliniambia.

"Mbwa wangu, au mwanangu?"

"Mbwa wako."

"Chiriku, mchezo umetosha sasa."

"Si mchezo." Akanyoosha mguu wake mmoja wa mbele, akautazama. "Yule wa pili ni mdoli. Kwa hiyo wametimia."

Dada yangu alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Tukaangaliana, na kicheko hakikupatikana kwa yeyote.

Nikaketi sakafuni. Nikamvuta nimpakate, akaja, lakini alikaa mapajani kwangu kama mbwa anavyokaa, tayari kushuka akiambiwa. Nikamwambia: "Sikiliza. Mimi ni mama yako. Wewe ni mwanangu, nimekuzaa mwenyewe, muulize mama mkubwa, alikuwepo. Yale ya darasani ni ya kuazima. Ni kadi tu."

"Najua wewe ni mama yangu," akasema. "Kwa Kiswahili."

"Na kwa Kifaransa je?"

"Kwa Kifaransa huna mtoto. Una mbwa." Alilisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. "Ukihamia huko, mimi nitaingiaje?"

Nilimshika miguu yake midogo, ile miguu ambayo alikuwa ameipunguzia cheo ili apate nafasi katika nyumba ya yule mwanamke. Alikuwa ameitazama nyumba ile chumba kwa chumba, kama nilivyoitazama mimi, akaona nafasi zilizopo ni hizo tu.

"Sihamii," nikasema.

"Lakini unapapenda."

Dada yangu aliinuka akaenda kuutazama moto ambao ulikuwa hauna shida yoyote.

"J'ai une..." nikaanza, nikakwama. Nina... nina nini? Nilikuwa na neno la piano, neno la daraja, neno la mbwa. Neno la binti sikuwa nalo. Kadi yangu haikulihitaji, na mimi sikuwahi kuuliza.

Asubuhi nilifika kazini mapema, nikasimama langoni. Mlinzi aliponiona peke yangu alivua kofia.

"Mama Chiriku, naomba radhi. Dada yako jana usiku alinifuata hapa akanieleza. Mdomo wangu huu."

"Wewe ulitafsiri tu, kaka. Tena vizuri. Nimekuja kukuomba kitu. Wewe una watoto watano."

"Kwenye kadi."

"Hukohuko. Binti wanamwitaje?"

Uso wake ukafunguka. Akaniambia polepole, akihesabu kwa vidole vyake vikubwa familia yake yote ambayo haipo: mwanangu wa kiume, mon fils, binti yangu, ma fille. "Une fille," akasema. "Nina binti, j'ai une fille. Chukua tu. Mimi watano wananitosha, na bado nina ada za kuwalipia."

Siku nzima nililipitisha neno lile chini ya pasi. Kwenye shuka, kwenye foronya, kwenye kitambaa cha meza. Ajabu ni kwamba ile nyumba ya darajani haikufutika. Ilikuwepo bado, na maji yake, na dari inayotetemeka kwa mwanga. Lakini sasa nilipoitazama nilimwona mtu amesimama nje ya mlango, mfupi, amevaa soksi ndefu, hajui kama abishe hodi.

Usiku uleule nilimwambia, "J'ai une fille." Alikuwa chini ya meza. Alisikiliza vizuri, akauliza maana yake, nikamweleza. Akafikiri.

"Wale wa darasani hawajui," akasema. "Wao wanajua ile nyingine."

Kwa hiyo somo lililofuata nilikwenda naye. Dada alikuwepo nyumbani, angeweza kubaki naye, lakini alimfunga kamba za viatu yeye mwenyewe na kunikabidhi mkono wake. Chiriku hakumsalimia mtu. Tulipoketi, akateleza akaingia chini ya dawati, akajikunja juu ya miguu yangu. Mlinzi alimwona, akatazama mbele.

Madamu aliita mtu wa kuanza. Nikasimama kabla ya zamu yangu. Nikaiweka kadi mezani kwake, uso chini.

"Muhula haujaisha," akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Najua, mwalimu. Naomba nirudishe mapema."

"Bila kadi utajikwaa."

"Nitajikwaa."

Akanitazama, kisha akaangalia miguu yangu, mahali ambapo kiatu kidogo kilikuwa kimetokeza. Akaisogeza kadi pembeni, akakunja mikono.

"Bonsoir," nikasema. "Je suis..." Na palepale nikakwama, kwa sababu kazi yangu sikujua inaitwaje. Nilinyoosha mkono juu ya dawati, nikasukuma pasi isiyokuwepo, mbele na nyuma, nikakunja shuka lisilokuwepo pembe kwa pembe. Kinyozi alitaka kucheka, akaona uso wangu, akameza kicheko.

"Repasseuse," Madamu akasema taratibu.

"Je suis repasseuse." Jasho lilikuwa linanitoka kama niko kwenye mvuke. "J'habite... derrière le marché." Nakaa nyuma ya soko. Halafu nikavuta pumzi. "J'ai une fille."

Wenzangu walipekua kumbukumbu zao, wakitafuta binti katika maisha ya mpiga piano. Nikafungua kiganja, nikakielekeza chini, kule chini ya dawati.

"Je vous présente ma fille."

Hakuna kilichotoka. Nilihisi uzito wake juu ya miguu yangu, joto lake, na pumzi zake fupifupi. Mkono wangu ulibaki hewani. Sikuwa na sentensi nyingine. Zote nilizokuwa nazo nilikuwa nimeshazitoa, na kama hazikutosha, nilikuwa sijui nitazipata wapi zaidi.

Madamu hakunisaidia kwa kusema "très bien". Aliuliza kama anavyomuuliza mtu yeyote anayetambulishwa pale: "Et elle, qu'est-ce qu'elle fait?"

Nikainama. "Anauliza, na wewe unafanya kazi gani?"

Sauti ikatoka chini ya dawati, nyembamba, ya mtu aliyesumbuliwa kwa swali ambalo jibu lake liko wazi.

"Sifanyi kazi. Mimi ni mtoto."

"Enfant," Madamu akasema.

"Enfant," Chiriku akarudia. Akakaa kidogo na neno hilo. Kisha akatoka, nywele zimejaa vumbi la chaki, akasimama kwa miguu miwili mbele ya watu, akanishika gauni.

Madamu alikuja kutoka mezani kwake, akajikunja mpaka macho yao yakawa sawa, akampa mkono. "Enchantée." Mlinzi akafuata, "Enchanté," akiinama na mabega yake yote. Kinyozi naye, na waliobaki, mmoja baada ya mwingine, mpaka Chiriku akawa anautoa mkono kabla mtu hajafika.

"Wanasema nini wote hawa?" akaninong'oneza.

"Wanasema wamefurahi kukujua."

"Wote?"

"Wote."

Kulikuwa bado na mwanga tulipotoka. Mitaa ilikuwa imelainika kama inavyokuwa saa ile, kuta zimeshika rangi ya maziwa yenye majani ya chai, watu wanapita bila kuonekana wanakwenda mbali. Chiriku hakutaka kubebwa. Alikuwa amekwisha kuanza, maneno yanamtoka bila nukta: kwamba Madamu ana pete, kwamba mlinzi mkono wake ni mkubwa kama sahani, kwamba kesho mdoli ataanza shule, kwamba nimpe Kifaransa cha kiatu, cha sikio, cha mama mkubwa. Cha mama mkubwa sikukijua. Nikamwambia tutauliza.

Kwenye kona ya soko, fundi viatu alikuwa anakusanya vitu vyake. Anatujua. Alimshonea Chiriku viatu vyake vya kwanza vya kutembelea, na mimi alinijua kabla Chiriku hajazaliwa. Mwanangu akasimama mbele yake. Akafungua kiganja, si kidole, akakielekeza kwangu.

"Huyu ni mama yangu," akamwambia.

Fundi akaangalia kile kiganja. Akaniangalia mimi. Akaweka nyundo chini, akafuta mkono wake kwenye aproni, taratibu, upande wa ndani na wa nje, akanyanyuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Nimefurahi kukufahamu, mama," akasema, na akanipa mkono.

Nikaupokea. Nikamwambia nami nimefurahi, na kwamba kazi yangu ni kupiga pasi, na kwamba tunakaa pale nyuma tu.